Nani Atembee, Mwananchi au Karatasi?

Ilomba ni kata ya watu wanaoamka mapema. Iko kandokando ya barabara kuu ya TANZAM jijini Mbeya, ukitoka Mwanjelwa kuelekea Uyole, na wakazi wake wengi wanakula kwa mwendo wa barabara hiyo: wauza ndizi na viazi, mafundi gereji, madereva wa bajaji, mama lishe, vijana wa kupakia mizigo. Kwa watu hawa siku haina nusu. Ukifunga genge asubuhi kwenda kufuatilia karatasi serikalini, wateja wa asubuhi wamekupita. Foleni ikiwa ndefu, na wa jioni nao wamekwenda. Namna serikali inavyopanga huduma zake inaweza kuonekana ni habari ya vikao na nyaraka. Kwa mwenye genge, ni habari ya unga wa jioni.

Karatasi ya kwanza ambayo raia huihitaji maishani ni cheti cha kuzaliwa. Tuichukue hiyo, kwa sababu Mbeya ndiko ilikobadilishwa namna ya kuitoa, na mabadiliko hayo yana mengi ya kufundisha.

Safari mbili za cheti kimoja

Hadi mwaka 2012, mama wa Ilomba aliyejifungulia hospitalini, tuseme kitengo cha wazazi cha Meta, alitoka na mtoto pamoja na kipande cha karatasi kiitwacho tangazo la kizazi. Tangazo hilo lilithibitisha tu kwamba mtoto amezaliwa, halikuwa cheti. Ili apate cheti alipaswa kupanga safari nyingine hadi kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akiwa na tangazo lake na ada mkononi. Kama faili halijakamilika, au mhusika hayupo, aliambiwa arudi.

Kutoka Ilomba safari hiyo ni ya daladala. Kutoka vijiji vya ndani vya Chunya au bonde la Mbarali, ilikuwa ya basi, na pengine ya kulala kwa ndugu. Ada yenyewe haikuwa ndiyo mzigo. Mzigo ulikuwa nauli, siku iliyopotea, na kutokuwa na hakika kama utarudi na kitu. Mzazi akipima hayo yote, na mtoto bado ananyonya, anaona cheti kinaweza kusubiri hadi shule itakapokidai. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha matokeo yake: Tanzania Bara, ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa.

Ni rahisi kusema kwamba wazazi hawakuwa na elimu ya umuhimu wa cheti, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyosemwa. Semina zikafanyika, matangazo yakabandikwa. Lakini tazama utaratibu wenyewe ulikotoka. Mizizi ya sheria ya usajili wa vizazi na vifo ni ya mwaka 1920, enzi ya Mwingereza, na mwanzoni ililenga Wazungu na Waasia, ambao wengi wao walikaa mijini karibu na boma. Waafrika waliingizwa baadaye, kwa awamu. Nchi ikapata uhuru, watu wakaongezeka, vijiji vikasajiliwa, lakini dirisha la cheti likabaki palepale bomani. Huduma iliyoshonwa kwa ajili ya wachache wa mjini ikategemewa iwatoshe mamilioni wa shambani, na ilipowabana wakalaumiwa wavaaji.

Mbeya 2013

Mwaka 2013, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kwa kushirikiana na UNICEF, shirika la kujitolea la VSO na kampuni ya simu ya Tigo, na kwa fedha za serikali ya Canada, ulianza kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano kwa njia mpya mkoani Mbeya. Wakati huo mkoa ulikuwa bado haujagawanywa. Songwe ilizaliwa kutoka ubavuni mwake mwaka 2016.

Yaliyobadilishwa yalikuwa machache, lakini yaligusa penyewe. Dirisha lilihamishwa kutoka wilayani na kupelekwa kwenye ofisi za watendaji wa kata na kwenye vituo vya afya vinavyotoa huduma za uzazi na chanjo. Hatua mbili zikawa moja: mtoto anaandikishwa na cheti kinatolewa papo hapo, kimeandikwa kwa mkono. Ada ikafutwa kwa watoto wa umri huo. Taarifa za mtoto zikatumwa kwa simu ya mkononi hadi kwenye kanzidata ya RITA, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kubeba madaftari hadi Dar es Salaam ili mtoto ahesabike. Mikoa mingine ikafuata hatua kwa hatua, Iringa na Njombe zikiwamo.

Jambo la kuangalia hapa ni mahali palipochaguliwa. Mama asiyefika kwa Mkuu wa Wilaya hufika kliniki. Humpeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa, tena si mara moja, kwa sababu kwake hilo halina mjadala. Waliobuni utaratibu mpya hawakujaribu kumfundisha mama safari mpya. Waliweka cheti kwenye njia aliyokuwa akipita tayari. Na kwa aliyejifungulia nyumbani kuna mtendaji wa kata, ambaye walau anajulikana ofisi yake ilipo.

Ungeweza kuyaita mabadiliko haya akili ya kawaida, na ni kweli. Ila akili hiyo ya kawaida ilichelewa miaka zaidi ya tisini, kwa sababu katika miaka yote hiyo hatua za mama hazikuwa kwenye hesabu za ofisi yoyote. Ofisi huhesabu fomu zilizopokelewa na ada zilizokusanywa. Nauli ya mwananchi haimo kwenye bajeti ya wizara, wala siku yake haimo kwenye ripoti ya mwaka.

Fani ya kuhesabu hatua

Kuhesabu hatua hizo ndiyo kazi ya fani iitwayo ubunifu wa huduma. Mmoja wa waliotangulia kuipa umbo ni Mmarekani Lynn Shostack, aliyefanya kazi katika benki. Katika makala yake ya mwaka 1984 kwenye jarida la Harvard Business Review, alipendekeza kwamba huduma ichorwe kama jengo linavyochorwa kabla ya kujengwa: hatua baada ya hatua, dakika ngapi, nani anafanya nini, wapi mambo yanaweza kuharibika. Katika mchoro wake alipiga mstari. Juu ya mstari ni yale mteja anayoyaona. Chini ni kazi iliyojificha, ambayo bila hiyo, ya juu hayaendi.

Uuchore mchoro huo kwa cheti cha Mbeya na utaona mengi. Juu ya mstari yupo mama, mtoto na muuguzi mwenye kitabu cha vyeti. Chini ya mstari yapo maswali magumu. Vitabu vya vyeti vikiisha, nani anaagiza na vinafika lini? Simu ya kutuma taarifa ikiharibika, ni ya nani kutengeneza? Na muuguzi huyu, ambaye tayari anajaza vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kimoja baada ya kingine, cha kliniki ya wajawazito, cha wodi ya wazazi, cha watoto, amepunguziwa kipi alipoongezewa hiki?

Swali hili la mwisho husahaulika sana. Tunapozungumzia huduma kwa wananchi, aliye ndani ya dirisha tunamchukulia kuwa sehemu ya dirisha. Kumbe muuguzi na mtendaji nao ni watumiaji wa mfumo. Fomu ikiwa na vipengele visivyoeleweka, ndio wanaobuni majibu. Mama akifika bila jina la baba wa mtoto, au baba yupo lakini hataki kutajwa, mwongozo wa kurasa nyingi hausaidii kitu kwenye foleni. Anayesaidia ni muuguzi aliyepewa nafasi ya kusema tangu mwanzo kwamba hali hizo zipo, na ni za kila wiki.

Mizani ya Iringa

Hapa ndipo inapofaa kurudi nyuma, na kusogea upande wa Iringa, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini ziliwahi kufanya jambo lililokwenda mbali kuliko kuhamisha dirisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulibeba pia Njombe, Makete na Ludewa, ulikuwa ghala la mahindi na bado watoto wake walikuwa na utapiamlo. Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168. Wangeweza kuleta unga wa msaada. Walileta mizani.

Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto walipimwa, na matokeo yakabaki kijijini ili yajadiliwe na wenye watoto, kwenye kamati na kwenye mikutano. Utaratibu ulikuwa na hatua tatu zinazozunguka: tathmini, uchambuzi, utekelezaji, kisha tathmini tena. Kijiji kilijiuliza kwa nini mtoto wa fulani yuko chini ya mstari wa uzito unaofaa wakati nyumbani kuna madebe ya mahindi. Majibu yaliyotoka hayakuwa ya ghalani tu. Mama yuko shambani kutwa, mtoto anakula mara mbili kwa siku, na ugali mzito unamjaza tumbo kabla haujampa nguvu. Kwa hiyo baadhi ya vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto wakati wa kazi za shamba, na hata mzigo wa kazi wa akina mama ukawa ajenda mbele ya wanaume.

Pia kukawa na kimea. Wanawake wa mikoa hii wamekuwa wakiotesha ulezi kwa ajili ya togwa na pombe tangu zamani. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliona kwamba kimea kidogo kikitiwa kwenye uji mzito huulainisha bila kuongeza maji, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo anaweza kula chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile. Ujuzi ulikuwa jikoni tayari. Ulichosubiri ni mtaalamu wa kuuliza kabla ya kuagiza.

Kati ya 1984 na 1988, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi karibu asilimia 2, na watoto wenye uzito pungufu wakapungua kutoka asilimia 56 hivi hadi 38. Mpango wa Iringa ukawa mfano uliotajwa duniani kote katika mijadala ya lishe.

Tofauti ya Mbeya na Iringa ndiyo kiini cha makala haya. Mbeya, wataalamu walihesabu hatua za mwananchi na kumpunguzia. Huko ni kubuni kwa ajili yake, na ni hatua kubwa. Iringa, mwananchi alikabidhiwa swali lenyewe pamoja na takwimu zake, akashiriki kutafuta jibu. Huko ni kubuni pamoja naye. Njia ya kwanza inafaa pale tatizo linapojulikana, na kinachokosekana ni utaratibu mwepesi. Ya pili inahitajika pale ambapo tatizo lenyewe halijaeleweka, au ambapo jibu litategemea watu wabadilishe maisha yao wenyewe.

Kutoka Oslo hadi zahanati

Kuna wanaodhani kubuni pamoja ni mtindo mpya wa wafadhili. Asili yake ni ya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Norway, chama cha wafanyakazi wa chuma na metali kilimshirikisha mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard, ili wanachama wake waelewe mashine zilizokuwa zikiingia viwandani na wawe na sauti katika namna zitakavyotumika. Hoja yao ilikuwa nyepesi: atakayeishi na chombo awepo kinapochorwa.

Mawazo hayo yalikua katika Chuo Kikuu cha Oslo, na kutoka huko ukazaliwa mfumo wa taarifa za afya wa DHIS, ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Toleo lake la pili, DHIS2, ndilo Tanzania ilichagua kwa ajili ya takwimu za afya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki kuliandaa kwa mazingira yetu. Takwimu za MTUHA zinazoanzia kwenye zahanati ndimo zinamoishia. Kwa hiyo muuguzi anayelalamikia wingi wa vitabu anahudumia mfumo ambao mababu zake wa kifikra walisema kwamba mtu kama yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Tarishi asiyelipwa

Mafanikio ya cheti cha mtoto hayajamaliza safari za mtu mzima. Kijana wa Ilomba anayetafuta kitambulisho cha taifa atatakiwa kupeleka kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, nyaraka ambazo serikali hiyohiyo ndiyo iliyozitoa. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, ndipo Bodi ya Mikopo ikikubali. RITA iko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, NIDA iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ofisi ya mtaa iko chini ya halmashauri ya jiji. Kila moja ina dirisha lake, na katikati ya madirisha hayo anatembea mwananchi na bahasha yake ya kaki.

Ameshakuwa tarishi wa serikali. Anabeba taarifa za ofisi moja kuipelekea nyingine, kwa nauli yake, na anapofika anaambiwa, "Baba, hapa panahitajika barua ya serikali ya mtaa." Anarudi mtaani kumtafuta mwenyekiti, anaambiwa ametoka, aje jioni. Mwishoni mwa 2019, laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, nchi nzima iliona foleni za utarishi huo, hadi muda wa mwisho ukasogezwa kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020.

Teknolojia imepunguza baadhi ya hatua. Malipo ya serikali kwa namba maalumu, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, yameondoa foleni nyingi za benki. Maombi mengi sasa yanajazwa mtandaoni. Lakini kuhamishia fomu mtandaoni bila kuhesabu upya hatua kunaweza kuongeza dirisha moja tu: la mwenye steshenari. Mama asiye na simu janja anamlipa kijana wa steshenari ajaze kwa niaba yake, anamtajia taarifa zake zote pamoja na nywila, kisha anasubiri. Serikali inaandika kwamba huduma imefika kiganjani. Kiganja chenyewe ni cha mtu mwingine.

Ilomba inaweza kuanzia wapi

Tanzania haikosi majukwaa. Tuna mikutano ya mitaa, kamati za maendeleo za kata, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 tuna mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotaka jamii zibainishe vipaumbele vyao. Tatizo ni aina ya swali linaloulizwa humo. Watu wakiulizwa, "Mnataka nini?" hujibu kama walivyozoea: barabara, zahanati, maji. Ni majibu ya kweli, lakini hayasemi lolote kuhusu dirisha. Swali la ubunifu wa huduma ni tofauti: mara ya mwisho ulipokwenda kufuatilia jambo, ulianzia wapi, ukakwamia wapi, ukalipa nini, ukarudi mara ngapi? Mtu yeyote ana majibu ya swali hili, hata asiyewahi kusimama kwenye mkutano.

Na wengi hawasimami. Mkutano wa mtaa huzungumziwa zaidi na wazee, wanaume na wenye ndimi nyepesi. Mama mwenye kichanga hayupo, mwenye genge hayupo, kijana wa bajaji yuko barabarani. Anayetaka kubuni pamoja nao awafuate: benchi la kliniki siku ya chanjo, kijiwe cha bajaji, sokoni baada ya saa za wateja wengi. Akae na mtendaji wa kata siku nzima aone ni watu wangapi wanarudishwa na kwa sababu gani. Kisha utaratibu mpya ujaribiwe katika kata moja kabla ya kuchapwa waraka wa nchi nzima, ili makosa yaonekane yakiwa bado madogo.

Zipo hoja za kupinga. Ya kwanza, kwamba wananchi hawajui sheria. Kweli, lakini hawaulizwi sheria. Wanaulizwa njia, na njia wanaijua kuliko mwanasheria. Ya pili, gharama. Vikao vya namna hii vina posho, na mfadhili akiondoka huwa vinakufa. Hoja hii ina uzito. Dawa yake ni kuvifanya viwe kazi ya kawaida ya mtumishi, kama ukaguzi wa hesabu ulivyo kazi ya kawaida, badala ya mradi wenye bango na mwisho wake. Ya tatu ni nzito zaidi: kwamba watu wakiulizwa na kisha kusibadilike kitu, mara ijayo watafunga midomo. Ndiyo maana asiye na mamlaka ya kubadilisha fomu asiende kuuliza peke yake. Aende na mwenye mamlaka hayo.

Mkataba wa huduma kwa mteja umebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi za umma, ukiahidi siku ambazo jambo litashughulikiwa. Uongezwe mstari mmoja: mwananchi atahitaji kuja hapa mara ngapi. Ofisi ikilazimika kuandika namba hiyo ukutani, itabidi kwanza iijue. Na kuijua, itabidi iwaulize wanaokuja. Mkaguzi naye awe na kitu cha kukagua zaidi ya stakabadhi. Cheti cha mtoto kilitoka safari mbili hadi moja pale Mbeya, na kinachofuata ni kitambulisho, leseni ya genge, hati ya kiwanja na barua ya mtaa, kila kimoja na hesabu yake ya safari iliyo wazi kwa wote.